Kifurushi Ndani ya Kontena

Fungua faili moja la JAR lililotengenezwa kwa mfumo wa OSGi, ingia kwenye folda ya META-INF, usome faili liitwalo MANIFEST.MF. Ni maandishi ya kawaida. Mstari mmoja unataja jina la kifurushi, mwingine toleo lake. Kisha inafuata miwili iliyobeba uzito wote: Export-Package, unaoorodhesha pakeji ambazo kifurushi kinawapa wenzake, na Import-Package, unaoorodhesha zile kinazozihitaji. Humo unaweza kukuta org.slf4j;version="[1.7,2)". Bano la mraba kushoto lina maana kwamba toleo la 1.7 limo, bano la duara kulia lina maana kwamba toleo la 2 halimo. Kwa herufi chache kifurushi kimeshaweka masharti yake: nipeni lolote kuanzia 1.7, lakini ikifika 2 msinipe, maana hilo sikujengwa nalo.

Anayejua jinsi programu za Java zilivyozoea kukusanywa ataiona thamani ya mstari huo. Kwa kawaida mafaili ya JAR hurundikwa pamoja, mashine ya Java huyapekua kwa mfuatano, na klasi inayoonekana kwanza ndiyo inayotumika. Kama kuna kilichopungua, hakuna anayejua mpaka mtumiaji abonyeze kitufe fulani katikati ya shughuli, na hapo ndipo kosa linapolipuka. Kifurushi cha OSGi hakisubiri kufika huko. Kikisakinishwa, mfumo hulinganisha mahitaji yake na vile vinavyotolewa na wengine. Yakitimia, hali yake hutoka INSTALLED ikawa RESOLVED, na kikiwashwa huwa ACTIVE. Yasipotimia, kinabaki pale pale, na mfumo unakutajia pakeji inayokosekana kwa jina na kwa toleo.

Ufundi huu sasa unafanya kazi ndani ya makontena ya Docker, chini ya usimamizi wa Kubernetes, mazingira ambayo hayakuwepo ulipobuniwa. Wako wanaosema makontena yameuzika. Mimi naona vingine. Makontena yameuondolea sifa iliyovuma zaidi, yaani kubadilisha sehemu ya programu huku programu yenyewe ikitembea, na yakaiacha wazi sifa iliyo bora kuliko hiyo.

OSGi ilianzishwa Machi 1999, pale makampuni kadhaa, yakiwemo Ericsson, IBM na Sun Microsystems, yalipoungana kutafuta namna ya kuendesha programu kwenye visanduku vidogo vinavyoiunganisha nyumba na mtandao. Kisanduku cha namna hiyo kiko ukutani kwa mteja. Hakina skrini wala kibodi, na kampuni haiwezi kumtuma fundi kila panapotoka marekebisho. Kukizima kwa ajili ya sehemu moja ni kukata huduma nyingine zote zilizomo. Kwa hiyo sharti la msingi likawa kwamba sehemu yoyote iweze kuongezwa, kubadilishwa au kuondolewa, nazo nyingine zikiendelea na kazi. Mwaka 2004 Eclipse 3.0 ilijengwa upya juu ya OSGi, na waandishi wengi wa programu wakawa wanaitumia kila siku bila hata kujua. Baadaye upande wa seva ukapata Apache Felix na Apache Karaf, pamoja na majukwaa makubwa yaliyosimama juu ya msingi huohuo, kama Liferay na Open Liberty.

Ukitaka kuona jinsi sharti hilo lilivyo gumu, fuatilia kinachotokea fundi anapoandika amri ya bundle:update kwenye konsoli ya Karaf. Kwanza kifurushi husimamishwa, na huduma zake huondolewa kwenye daftari la huduma. Lakini haziondolewi ghafla: kila aliyekuwa akizitumia hupewa taarifa kwanza, huduma ikiwa bado iko hai, ili apate nafasi ya kuiachia kwa utaratibu. Sehemu ambayo haiwezi kuishi bila huduma hiyo huzimwa. Sehemu iliyotangaza kwamba inaihitaji ikiwepo tu huendelea bila hiyo. Toleo jipya huingia, huwashwa, hujiandikisha, na wote waliokuwa wakisubiri huunganishwa tena.

Hiyo ni nusu ya kazi. Kila kifurushi kina kipakiaji chake cha klasi, na kwa mashine ya Java klasi mbili zenye jina moja zilizopakiwa na vipakiaji viwili ni vitu viwili tofauti kabisa. Ndiyo maana matoleo mawili ya maktaba moja yanaweza kukaa ndani ya programu moja bila kugombana. Ndiyo maana pia, kifurushi kinapobadilishwa, klasi zake za zamani hazitoweki papo hapo. Waliokwisha kuungana nazo huendelea kuzitumia mpaka fundi aamuru wote waunganishwe upya. Hapo mfumo hukokotoa nani anamtegemea nani, mpaka wa mwisho kwenye mnyororo, huwasimamisha wanaohusika peke yao, huwaunganisha upya, kisha huwawasha. Wasiohusika hawaguswi.

Mfumo ukishatimiza wajibu wake, anabaki mwandishi wa kifurushi. Akisahau uzi mmoja wa utekelezaji ukiendelea kuzunguka, au akahifadhi kwenye kigeu tuli kiungo cha kitu kilichokwisha kuondolewa, kipakiaji cha zamani hakifi. Kinabaki kwenye memori pamoja na klasi zake zote. Kila sasisho linaongeza kingine, hadi memori inajaa. Kuandika kifurushi kinachoweza kusimamishwa na kuondoka bila kuacha kitu nyuma ni kazi ya watu makini, na waliojifunza kuifanya vizuri nawavulia kofia.

Kisha yakaja makontena. Docker ilionyeshwa hadharani Machi 2013, ikitumia uwezo uliokuwemo tayari kwenye kerneli ya Linux: uwezo wa kuitenga prosesi isiwaone majirani zake, na ule wa cgroups, ulioingia mwaka 2008, wa kuipimia memori na muda wa prosesa. Programu hufungwa ndani ya imeji, ambayo ni matabaka ya mafaili yasiyobadilika. Kontena likiwashwa, juu ya matabaka hayo huwekwa jingine jembamba la kuandikia. Likiondolewa, tabaka hilo huondoka nalo. Kutokana na muundo huo ukazaliwa mwenendo mzima wa kazi: kilichoko hewani hakitengenezwi. Unatengeneza imeji mpya, unawasha nakala mpya, unaondoa ya zamani.

Hapo ndipo mifumo miwili inapokutana uso kwa uso, maana yote miwili inajibu swali moja, la kuboresha programu bila kukata huduma. OSGi hulijibu ndani ya prosesi moja. Kubernetes hulijibu kwa kuendesha nakala kadhaa na kuzibadilisha moja baada ya nyingine. Ukiyachanganya majibu hayo bila kufikiri, matatizo huanza.

Chukua Karaf inayoendeshwa kwa nakala tatu. Usiku hitilafu inajitokeza, fundi anaingia kwenye nakala moja kupitia SSH, bandari 8101, anasakinisha kifurushi kilichorekebishwa. Hitilafu inaisha. Karaf imekiandika kifurushi hicho kwenye folda yake ya data, na folda hiyo iko juu ya lile tabaka jembamba. Tangu dakika hiyo nakala tatu haziko sawa tena, na hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Siku chache baadaye seva inaelemewa, Kubernetes inaiondoa ile nakala na kuwasha nyingine kutoka kwenye imeji. Marekebisho yametoweka, wala hakuna ujumbe wa kosa, kwa sababu kwa upande wa Kubernetes hakuna kosa lililotokea. Ukijaribu kujikinga kwa kuihifadhi folda ya data nje ya kontena, umehamia kwenye shida ya upande wa pili: unaleta imeji mpya, lakini kache ya zamani bado inakumbuka vifurushi vya jana, na kinachotembea si kile ambacho imeji inakisema. Kache iliyokuwa tegemeo la kifaa cha ukutani inageuka shahidi wa uongo.

Jibu la wajenzi makini lilikuwa kuihamisha hesabu. Ile kazi ya kulinganisha mahitaji na vinavyotolewa, iliyokuwa ikifanyika programu inapowaka, sasa inafanyika siku ya kuunda imeji. Mfano ninaoupenda ni faili la .bndrun, linalotumiwa na zana za bnd alizozianzisha Peter Kriens. Chini ya neno -runrequires mwandishi anataja mambo machache anayoyataka yeye mwenyewe, pengine vifurushi viwili au vitatu. Zana inapekua hazina ya vifurushi, inafuata kila hitaji hadi mwisho, kisha inaandika chini ya -runbundles orodha kamili: kila kifurushi na toleo lake halisi. Orodha hiyo inahifadhiwa kwenye Git pamoja na msimbo. Ukipandisha toleo la maktaba moja, ukarudia hesabu, na ukaona mistari kumi na miwili imebadilika, umeyajua madhara ya uamuzi wako kabla hujamfikia mtumiaji hata mmoja. Mwenzako anayekagua kazi yako anayaona hayohayo. Karaf nayo ina namna ya kufungasha mfumo ukiwa umekwisha kukokotolewa, na jamii ya Apache Sling ina mafaili ya JSON yanayoorodhesha vifurushi, mfuatano wa kuviwasha na mipangilio yake.

Njia hiyo imefika hadi kwenye bidhaa kubwa. Adobe Experience Manager, iliyojengwa juu ya Sling na Felix, kwa miaka mingi iliwaruhusu mafundi kusakinisha vifurushi kwenye seva iliyo hewani kupitia kivinjari. Toleo lake la huduma ya wingu, lililotoka mwaka 2020, lilifunga mlango huo. Msimbo ulioko chini ya /apps na /libs haubadiliki mfumo ukiwa hewani. Kila badiliko hupitia mkondo mmoja wa ujenzi na majaribio, kisha nakala za zamani hupisha mpya taratibu.

Kwa hiyo bundle:update imestaafu katika kazi nyingi za seva. Kwa nini basi ujenge kwa vifurushi? Mfikirie seremala anayeunganisha mlango kwa ulimi na tundu bila msumari, ili ubao uweze kutolewa siku moja. Huenda siku hiyo isifike maisha yote ya mlango. Lakini usahihi uliomlazimu kupima kila ulimi ndio uliounyoosha mlango. Vifurushi ni hivyohivyo. Nia ya kuviwezesha kuondolewa iliwalazimisha waandishi kutamka mipaka, na mipaka hiyo inaendelea kufanya kazi hata pale ambapo hakuna anayeondoa chochote.

Faida yake ya kwanza inaonekana kwenye matabaka ya imeji. Programu iliyosukwa kuwa JAR moja kubwa hubadilika yote kwa mstari mmoja wa msimbo, na kila seva hulazimika kuishusha yote upya. Vifurushi vikiwa mafaili tofauti, unaweka vile vya nje, vizito na visivyobadilika mara kwa mara, kwenye tabaka la chini, na vya kwako kwenye tabaka la juu. Ukibadilisha chako, linalosafiri ni tabaka la juu peke yake. Kwa anayelipia intaneti kwa megabaiti, au anayehudumia kituo chenye mtandao wa kusuasua, hilo ni jambo kubwa.

Faida ya pili iko kwenye zile namba za matoleo. Kubernetes inapobadilisha nakala moja baada ya nyingine, kwa muda fulani toleo la zamani na jipya huwa kazini pamoja, yakisoma hifadhidata moja. Mafundi wa OSGi walikwisha kulifikiria tatizo la namna hiyo kwa makini yasiyo ya kawaida. Wanatofautisha anayekitumia kiolesura na anayekitekeleza. Tuseme kiolesura kiko toleo la 1.4, na kimewekewa alama kwamba anayekitekeleza ndiye mtoaji wa huduma. Ukikiongezea njia moja, anayekitumia hadhuriki, maana yeye anaita zile anazozijua. Anayekitekeleza ana upungufu, maana hiyo njia mpya hajaiandika. Kwa sababu hiyo mtumiaji huagiza [1.4,2), na mtekelezaji huagiza [1.4,1.5). Zana za bnd huweza kuyajaza masafa hayo zenyewe, na pia hulinganisha kifurushi chako na toleo lililotangulia: ukibadilisha kiolesura bila kupandisha namba inavyostahili, ujenzi unakataa. Aliyezoea nidhamu hiyo ndani ya prosesi moja hupata wepesi mkubwa anapopanga mikataba kati ya kontena na kontena.

Iko faida ya tatu, na ndiyo inayonivutia kuliko zote. Ule ustadi wa kuvumilia huduma zinazokuja na kuondoka haukupotea. Umehamia kwenye dakika mbili muhimu za maisha ya kontena: ya kuwaka na ya kuzima.

Kontena likiwaka, Kubernetes huuliza kama liko tayari kupokea kazi. Kujibu ndiyo kwa sababu tu prosesi inapumua ni kudanganya. Hata hali ya ACTIVE haitoshi: kifurushi kinaweza kuwa ACTIVE na huduma yake isiwepo, kwa kuwa sehemu iliyomo bado inaisubiri hifadhidata. Mjenzi mzuri huliuliza daftari la huduma lenyewe: je, zile huduma ninazozitegemea zimeshajiandikisha? Felix ina zana za kukagua afya zinazolifanya hilo, na jibu lake ndilo linalopelekwa kwa Kubernetes. Kwa kuwa kila sehemu imetangaza inachokihitaji, jibu linakuwa la kweli.

Wakati wa kuzima, Kubernetes hutuma ishara ya SIGTERM na kwa kawaida husubiri sekunde 30 kabla ya kuua. OSGi ikiipata ishara hiyo hushusha ngazi za uwashaji moja baada ya nyingine, huduma za juu zikisimama kabla ya zile za msingi ambazo hizo za juu huzitegemea, na kila kifurushi kikipata zamu ya kumaliza kilichomo mkononi. Lakini ishara lazima ifike. Skripti ya kuwashia ikiita Java kama mtoto wake badala ya kumwachia nafasi kwa amri ya exec, ishara inaishia kwa skripti, sekunde zinapita, na programu inauawa kazi ikiwa nusu. Neno moja la herufi nne ndilo linalotenganisha kuaga na kukatwa.

Memori nayo ilidai uangalifu wake. Kwa miaka kadhaa mashine ya Java ilitazama memori ya seva nzima na kujitengea hadi robo yake, hata kama kontena lilikuwa limewekewa kikomo kidogo. Kwenye seva ya gigabaiti 64, Java iliyofungiwa kwenye kontena la gigabaiti 1 ilijipangia 16, na kerneli ikaiua kwa msimbo wa 137. Java 10, iliyotoka Machi 2018, iliweza kukisoma kikomo cha kontena, na Java 8 ikapata uwezo huo katika sasisho la 191 la mwaka huohuo.

Kwetu Afrika Mashariki mabadiliko haya tunayaona kwenye mfumo ambao hautumii OSGi lakini una moyo uleule. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kujengwa mwaka 2004, ulitokana kwa sehemu kubwa na mahitaji ya mpango wa AMPATH kule Eldoret, ulioanza kuutumia mwaka 2006. Tangu mwanzo wajenzi wake walijua kwamba hakuna kliniki mbili zinazofanana. Wakatenga kiini kidogo, na mengine wakayaweka kwenye moduli zenye mafaili ya .omod, kila moja ikitaja ndani ya config.xml moduli nyingine inazozihitaji. Msimamizi aliweza kupandisha moduli kupitia kivinjari, mfumo ukasimama kidogo kujipanga upya, kisha ukaendelea.

Leo OpenMRS 3 inasambazwa kwa imeji za Docker: lango, sehemu ya mbele, sehemu ya nyuma na hifadhidata ya MariaDB. Mchanganyiko wa moduli unaandikwa kwenye faili la distro.properties, jina na toleo kwa kila mstari, na uwezo wa kupandisha moduli kwa kivinjari unaweza kufungwa kwa kigeu kimoja cha mazingira. Hospitali ishirini zikiwashwa kutoka imeji moja, anayepokea simu ya msaada anajua kwa hakika anazungumzia mfumo upi. Na moduli bado ni moduli: Kenya ina mchanganyiko wake, KenyaEMR, na Uganda wake, UgandaEMR, juu ya kiini kilekile.

Tena yako mazingira ambayo kubadilisha sehemu programu ikitembea bado ni jibu sahihi. Eclipse Kura huendesha vifaa vya ukusanyaji data viwandani na mashambani kwa OSGi. openHAB, inayosimamia vifaa vya nyumbani juu ya Karaf, hukipokea kifurushi ukikidondosha tu kwenye folda ya addons, na taa nyingine zinabaki zimewaka. Kifaa kiko kimoja, hakina nakala ya kushika zamu, na mtandao wake ni mwembamba. Kusafirisha imeji nzima kwa ajili ya kilobaiti chache kungekuwa kuutesa mtandao bure.

Kwa anayejenga jukwaa la moduli leo, kipimo ninachokiamini ni hiki. Futa kache yote. Ondoa ngazi za uwashaji ulizozipanga kwa mkono, vifurushi viwashwe kwa mfuatano wowote. Chelewesha hifadhidata kwa dakika moja, kisha uwashe kontena. Jukwaa lililoandikwa kwa ustadi litasubiri, litatangaza kwamba haliko tayari, na hifadhidata ikifika litajikamilisha lenyewe bila mtu kuligusa. Likishindwa, usikimbilie kuongeza sekunde za kusubiri kwenye skripti. Fungua MANIFEST.MF na matangazo ya huduma, utafute ni sehemu gani inahitaji kitu ambacho haijakitaja, ukitaje. Ukikosa la kuongeza, lirudie jaribio hilo kwenye kila imeji mpya unayoiunda, kabla Kubernetes haijakufanyia yenyewe.